Mbuzi Aliyesikika Usingizini

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa sindano wala dawa. Niligusa mkono. Mkuu wa dawa za usingizi, ambaye sote tulimwita Shefu, alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya kijani iliyofubaa kwa kufuliwa. Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa, akaniuliza kama nimekula. Nilipomjibu kwamba nimekula, akasema, "Bon. Leo kazi yako iko moja tu. Shika mukono ya mugonjwa mupaka ilegee. Ikilegea, uniambie."

Mgonjwa alikuwa mkulima wa viazi kutoka Mudende, aliyekuja kupasuliwa ngiri. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, na alinibana vidole kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakimbia. Shefu akaanza kuisukuma dawa mshipani taratibu, bila kunitazama. Nikahisi kidole cha kwanza kikiachia, kisha cha pili, halafu mkono wote ukalala ndani ya wangu. Nikasema, "Shefu, umelegea." Akaitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi yake. Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza, na mpaka leo sijapata lingine lililolizidi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea kazi hii. Najua mna mashine zinazochora mawimbi ya ubongo kwenye kioo, na mkikwama mnauliza simu. Sina ugomvi na mashine. Ninachotaka ni mjue tulivyofanya kazi kabla yenu, na jinsi mbuzi mmoja mwenye pembe iliyovunjika alivyotufundisha kwamba mwanamke na mwanaume hawalali sawa.

Hapa Gisenyi, mpakani na Kongo, wananiita Mama Usingizi. Jina langu halisi ni Konsolata. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na Kiswahili changu nilikipata shuleni huko. Wenzangu kazini, ambao wengi walirudi nchini kutoka Kongo, walinicheka tangu wiki ya kwanza. "Huyu anaongea sawa redio," walisema, na kila nikifungua mdomo kuna aliyejifanya anatafuta kitufe cha kunipunguza sauti. Nami niliwacheka wao. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, juu ya mji, mahali ambapo ukisimama barazani unaliona ziwa na mapaa ya mji wa Goma ng'ambo ya mpaka. Ilifungwa zamani, na majengo yake sasa ni shule.

Baada ya mwaka wa kushika mikono, Shefu alinipeleka nikasome Kigali. Nilipomaliza nilipangiwa hospitali moja ya milimani chini ya volkano, nikakaa huko miaka miwili chini ya Sista Mkuu, mtawa aliyeamini kwamba nesi anayekaa chini ni mgonjwa. Huko nililaza wachungaji wa ng'ombe, wajawazito, na watoto walioungua kwa uji. Kisha Shefu akaniita nirudi nikawe msaidizi wake. Nilirudi kifua mbele.

Hebu nieleze kazi yenyewe kwa ufupi. Kumlaza mtu kwa ajili ya upasuaji ni mambo matatu, na watu hudhani ni moja. La kwanza ni usingizi, akili isiwepo. La pili ni kuzima maumivu. La tatu ni kulegeza misuli ili daktari aweze kufanya kazi tumboni, na hapo mgonjwa hawezi hata kupumua mwenyewe, inabidi umwekee mpira kooni na mashine impumulie. Kila jambo lina dawa yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa, macho yamefumba, na akili iko macho kabisa. Hawezi kukuonyesha. Hili nililijibu vizuri kwenye mtihani Kigali, lakini kulijibu na kuliamini ni vitu viwili.

Zamani tulitegemea mashine ya gesi ya usingizi. Ilipoharibika na kupelekwa kutengenezwa, ikakaa huko miezi, na sisi tukabaki na dawa ya mshipani peke yake: propofoli, nyeupe kama maziwa, nasi tuliiita maziwa. Ilitiririka kwa dripu tangu mwanzo wa upasuaji hadi mwisho. Ukiifunga, mgonjwa anaamka. Matone yake tuliyahesabu kwa kadi.

Kadi hiyo aliiandika Shefu kwa mkono wake, akaitia kwenye plastiki na kuipigilia msumari juu ya sinki. Upande mmoja kilo, upande mwingine matone. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, palikuwa na maneno mawili: *Mwanamuke: punguza.* Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa mkato, "Mwanamuke presha yake inaangukaka haraka. Umupunguzie kidogo, umuhurumie." Sikuuliza tena. Shefu alikuwa ameshawaamsha salama watu wengi kuliko siku nilizoishi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na nalisema kwa aibu kwa sababu nami nililifanya. Wanawake wengi wa kwetu ni wachuuzi wa kuvuka mpaka, na walikuwa wakija hospitali wamejifunga vitenge viwili vitatu juu ya nguo. Nesi wa mapokezi alipowapima aliondoa kilo mbili za vitenge. Faili likifika kwetu, nasi tunaona ni mwanamke, tunasema huyu alipimwa na vitenge, tunaondoa kilo mbili tena. Halafu ndipo tunasoma wino mwekundu. Mwanamke wa Gisenyi alikuwa anafika mezani kwangu akiwa amepunguzwa mara tatu, na kila aliyempunguza alidhani anamtendea wema.

Ndivyo alivyonifikia Mama Soline. Alikuwa mama kutoka vilima vya Kanama, familia yake ilirudi kutoka Masisi, Kongo, na kazi yake ilikuwa kuvusha kabichi kwenda Goma kila asubuhi. Aliletwa tumbo limevimba kama ngoma. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari wetu mpasuaji, mtu mcheshi asiyeweza kunyamaza, alikata kipande kilichooza, akaacha tundu ubavuni ili haja itokee kwenye mfuko. Baada ya miezi kadhaa angerudi afunguliwe tena, utumbo uunganishwe, na tundu lizibwe. Upasuaji ulikwenda vizuri. Presha haikutikisika sana, na mimi niliridhika na kazi yangu.

Siku mbili baadaye nilipita wodini pamoja na Daktari. Mama Soline hakuitikia salamu yangu. Alimkazia macho Daktari, akamuuliza, "Docteur, ile mbuzi ya batizo, bibi yako alishaona pembe yenye ilivunjika? Ama bado umeifunga kitambaa?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Daktari naye akacheka, halafu akaacha ghafla, akanigeukia. Tulitazamana. Siku ile tumbo likiwa wazi, alikuwa ametusimulia kwamba amenunua mbuzi kwa ajili ya ubatizo wa bintiye, muuzaji amemdanganya, pembe moja imevunjika, naye ameifunga utepe mwekundu ili mkewe asiione mpaka mbuzi aingie sufuriani. Tuliomsikia tulikuwa mimi na nesi aliyempa vyombo. Na Mama Soline, ambaye kwa imani yetu alikuwa amelala fofofo.

Nikakaa kitandani kwake bila kuomba ruhusa. Nikamuuliza alisikia nini.

"Yote," alisema. "Nilitaka kuwaambia, bamama, mi niko hapa. Kidole ikakataa. Jicho ikakataa. Nikasema, bon, nimeshakufa, na batu banaongea mbuzi juu ya maiti yangu."

"Na maumivu?"

"Ilikuwa sawa mutu anavuta kamba ndani ya tumbo." Akalivuta shuka mpaka kifuani. "Ile mbuzi ndiyo ilinisaidia. Nilijishikilia kwa ile mbuzi. Nilikuwa nafikiri pembe tu, pembe tu, mupaka nikapotea."

Nilitoka pale nikaenda chooni nikalia. Sijui kama mnaelewa. Kazi yangu ilikuwa moja, mtu asiwepo wakati anakatwa, na mtu huyu alikuwepo. Nilikuwa nimesimama kichwani pake nikimpangusa jasho huku nikisikiliza habari za mbuzi na kutabasamu.

Shefu hakutaka kusikia. "Ni ndoto. Ile dawa ya ketamini inaletaka ndoto."

"Shefu, hatukumpa ketamini."

"Basi kuna mutu alimuambia ile mambo ya mbuzi." Akageuka kunawa mikono, mazungumzo yakaisha. Daktari alikuwepo, akatazama viatu vyake.

Mama Soline alirudi Kanama na mfuko wake, akatuma neno kwamba harudi tena kwenye ile meza. Afadhali afe na mfuko. Na mfuko ule, tafadhali msiuone kitu kidogo. Kwenye msongamano wa mpakani, watu wamebanana mzigo kwa mzigo, ungeweza kupasuka. Aliacha kuvusha kabichi, dada yake akachukua nafasi yake. Kanisani alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Alikuwa mwanamke wa kuimba kwa sauti, sasa anaondoka kabla ya wimbo wa mwisho ili asisimame karibu na mtu. Yote hayo tungeweza kuyamaliza kwa saa mbili za kazi, lakini yeye alikuwa anatuogopa, na alikuwa na haki.

Nilianza kuwatembelea watu niliowahi kuwalaza. Siku zangu za mapumziko nilipanda basi dogo mpaka Kanama, nikashuka barabarani na kupandisha vilima kwa miguu. Wanaume walinijibu upesi: waliona taa, kisha wakaona chumba cha kuamkia, katikati hakuna kitu. Wanawake walinipa chai kwanza. Walimshukuru Mungu, wakanishukuru mimi, wakauliza habari za wazazi wangu. Kikombe cha pili kikifika nusu ndipo mmoja alisema, akitazama sakafu, kwamba alisikia vyombo vikiwekwa kwenye bakuli. Mwingine alisikia mtu akiomba uzi. Si wote, wala si wengi. Lakini walikuwepo.

"Kwa nini hukusema, mama?" nilimuuliza yule wa kwanza.

"Nilifikiri ni vile inakuwaka," alisema. "Batoto yangu yote nilizaa bila kupiga kelele. Hii nayo nikasema ni vile."

Wanawake wa kwetu wamelelewa kutopiga kelele, na sisi tulikuwa tumejenga sifa zetu juu ya ukimya wao. Jambo hilo lilinichoma kuliko yote.

Nikanunua daftari la shule. Kila mgonjwa niliyemlaza kwa maziwa, niliandika wakati nilipofunga dripu na wakati alipojibu swali langu la kwanza akiwa na akili timamu. Wanawake niliwaomba wanitajie watoto wao kwa mpangilio. Wanaume niliwauliza majina ya ng'ombe wao. Kurasa zilipojaa nikampelekea Shefu, nikiwa nimevimba kwa fahari: wanawake wanaamka mapema kuliko wanaume, tazama.

Shefu alisoma kurasa mbili, akavua miwani. "We Konsolata. Unauliza mwanamuke batoto yake, unauliza mwanaume ngombe. Mwanaume wa hapa mujini iko na ngombe? Huyu anafanya kazi kwa hoteli. Unamuamusha, unamuuliza ngombe, yeye anaanza kutafuta ngombe yenye hana. Hata mi ningechelewa."

Alisema kweli. Nililitupa daftari lile nikaanza jingine. Safari hii swali likawa moja kwa kila mtu: leo asubuhi umetoka wapi? Kila mtu ametoka mahali. Nilitumia saa ileile ya ukutani, na nilipima kilo mara moja tu, mwenyewe, vitenge vikiwa vimewekwa pembeni. Wino mwekundu niliuacha bila kuufuata. Kila mtu alipata matone ya kilo zake, presha nikiisoma kila baada ya muda mfupi. Nilifanya hivyo bila kumwambia Shefu, na sijivunii kuficha, lakini siombi radhi.

Hata hapo, tone kwa tone, wanawake walikuwa wananijibu wakati wanaume bado wanakoroma. Presha zao hazikuanguka kama nilivyofundishwa kuogopa. Sikuwa mtafiti, nilikuwa nesi mwenye daftari la shule. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hospitali kubwa za mbali nazo zimeliona jambo hilohilo: mwili wa mwanamke huachana na maziwa yale mapema zaidi, na kati ya wanaosema walisikia, wanawake ni wengi kuliko wanaume. Nilipolisoma niliita jirani yangu aje anisikilize nikilisoma kwa sauti.

Siku nilipompelekea Shefu daftari la pili, Daktari alikuwa ndani. Shefu alisoma mpaka mwisho. Nilidhani atafurahi. Akalipiga daftari mezani.

"Unataka kuua banamuke?"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Kisha akakaa, akaitoa ile kofia ya kijani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nywele zake zote ni nyeupe. Akasema kwamba zamani, akiwa kijana kuliko mimi, alimpa mama mmoja dozi nzima ya dawa ya zamani. Mama yule alikuwa ametokwa damu nyingi, presha ikaanguka, hakuamka. "Ile wino nyekundu ni yeye," alisema. "Kila siku nasoma pale, namusalimia."

Halafu Daktari akakohoa.

"Shefu, ile mbuzi ilikuwa yangu," alisema. "Hakuna mutu nilimuambia juu ya pembe. Hata bibi yangu alijua siku ya batizo yenyewe, na alininunia wiki muzima. Nesi hajatoka ile siku kwenda wodi. Mama alisikia kwa kinywa yangu, tumbo yake ikiwa wazi mikononi yangu. Ningepaswa kusema ile siku. Niliona haya."

Shefu aliinuka, akaenda kwenye sinki, akaing'oa kadi msumarini. Akachukua mkasi wa bendeji, akaukata ukingo wa chini, ule wenye wino mwekundu. Hakuutupa. Aliukunja, akautia mfuko wa shati.

"Yule mama alikufa juu ya damu, haikuwa juu ya kuwa mwanamuke," alisema, kama anayejisomea. Kisha akanigeukia. "Bon. Lakini presha utaangalia kila dakika. Na mi nitasimama hapo karibu yako."

Lilibaki la Mama Soline. Nilimkuta nyumbani kwake akichambua maharage, amekaa upande ili mfuko usibanwe. Nilimweleza kila kitu: vitenge, kadi, wino, daftari. Nilimwambia kosa lilikuwa letu. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Mama Usingizi, unaongea muzuri," alisema. "Lakini mi ndiye nitalala pale."

Hapo nikamweleza jambo nililofundishwa Kigali na ambalo sikuwahi kuliona likitumika. Kabla ya kumpa dawa ya kulegeza misuli, ningemfunga kitambaa cha kupimia presha juu ya kiwiko na kukijaza hewa, ili dawa ile isifike mkononi. Nisingeweza kukiacha kimejaa muda mrefu, mkono ungeumia, ningekilegeza na kukijaza tena kila nikiongeza dawa. Lakini mkono ule ungebaki wake.

"Nitakuwa nimeushika," nilimwambia. "Ukisikia hata neno moja, nibane kidole."

"Na nikibana, utafanya nini?"

"Nitamsimamisha Daktari. Hataendelea mpaka ulale."

Akapepeta maharage mara mbili. "Na mbuzi?"

"Hakutakuwa na mbuzi."

Alicheka, na ndipo nilipojua kwamba atakuja.

Alikuja siku ya Jumanne kwa basi la kwanza kutoka Kanama, kitenge kimoja tu kiunoni. Nilimpima mwenyewe. Nilimlaza kwa matone ya kilo zake zote, bila huruma ya mtu yeyote ndani yake. Nikafunga kitambaa, Shefu akasukuma dawa ya kulegeza, nikaweka mpira kooni, nikakaa na kushika mkono. Daktari aliingia kimya kama yuko kanisani. Nilimwona anavyoteseka kwa kukosa la kusema.

Kisu kilipogusa, kidole changu kikabanwa.

Haikuwa nguvu nyingi, ni kama mtoto anayeshika akiwa amesinzia. Nikasema, "Simama!" Daktari akainua mikono yote miwili juu, kisu hewani. "Mama Soline, nimesikia," nilimwambia sikioni. "Nimesikia. Hakuna anayekugusa." Nikaongeza maziwa, na nikamwomba Shefu aongeze dawa ya maumivu. Presha ikashuka kidogo. Jicho la Shefu lilikuwa pale pale kwenye mshale wa presha, dripu ya maji ameshaifungua, sindano ya kupandisha presha iko mkononi. Nilijua anamwona nani. Presha ikasimama. Ikatulia.

Kidole cha kwanza kikaachia. Kisha cha pili. Kisha mkono wote ukalala ndani ya wangu.

"Shefu," nilisema, "umelegea."

"Endelea, Docteur," alisema Shefu.

Nilikaa hivyo mpaka mwisho, nikikijaza kitambaa na kukilegeza, na kila mara nikimuuliza sikioni kama yupo. Hakubana tena. Daktari aliunganisha utumbo, akaziba tundu, akafunga tumbo, hakuna hata neno la habari za mjini. Tukaondoa nguvu ya dawa ya misuli kwa dawa yake ya kuitengua, nikafunga maziwa, nikatoa mpira alipoanza kupumua vizuri, nikatazama saa.

Alifumbua macho mapema, kama daftari lilivyosema.

"Mama Soline. Leo asubuhi umetoka wapi?"

"Kanama," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Na basi."

"Na sasa unafanya nini?"

Alitazama dari, akatazama sura zetu moja moja. Alionekana kuchoshwa na sisi.

"Si nangoja," alisema. "Mutaanza saa ngapi?"

Shefu aligeukia ukutani. Daktari alicheka mpaka akalazimika kukaa. Hakukumbuka hata kule kubana kidole; mimi nilikuwa nalia waziwazi, barakoa imelowa. Nimepewa sifa nyingi katika maisha yangu ya kazi, lakini hakuna hata moja iliyofikia swali lile.

Shefu alistaafu mwaka uliofuata, nikarithi sinki na kadi yake. Hospitali ilipofungwa nilihamia kwingine, na kila nilipokwenda niliandika kadi mpya. Chini yake niliandika kwa wino mweusi: *Mwanamke: usimpunguzie kwa huruma. Mpime mara moja, mwangalie muda wote, akiamka muulize.* Vijana walionikuta walidhani ni utani wa bibi. Niliwaacha wadhani, mradi waufuate.

Nimestaafu sasa. Naamka ninapotaka, napanda mboga, nagombana na jirani kuhusu kuku wake. Mkinitembelea mnaniuliza niwape namba: mwanamke aongezwe kiasi gani? Sitawapa. Sikuandika haya ili mkamwage maziwa zaidi kwa kila mama. Kuna mama aliyetokwa damu, kuna bibi mwenye moyo dhaifu, na yule mama aliyekufa mikononi mwa Shefu nami namsalimia kila siku. Ninachosema ni kwamba kadi iliandikwa na mtu aliyekuwa anamfikiria mtu fulani, na huenda aliyelala mbele yako si huyo. Mashine yako iangalie, kisha shika mkono. Na kesho yake nenda wodini, kaa, kunywa chai mpaka kikombe cha pili.

Najivunia kazi yangu. Nalisema bila kupepesa macho, kwa sababu nimefikia umri ambao unyenyekevu wa kujifanya unanichosha.

Mara moja moja nashuka mpaka mpakani kununua samaki. Mama Soline ninamkuta kwenye foleni ya wanaovuka, kabichi kichwani, amebanwa mbele na nyuma na umati wa wachuuzi wenzake, anaimba. Hanisalimii kwa mdomo. Anaunyoosha mkono katikati ya watu, anakishika kidole changu cha shahada, anakibana kwa nguvu zote.

"Unasikia?" ananiuliza.

"Nasikia, mama," namwambia. "Nasikia."